Karatasi iandikwe kabla ya basi

Kwa Wenyeviti wa Serikali za Vijiji na Maofisa Watendaji wa Vijiji,
Wilaya ya Kilolo,
Mkoa wa Iringa.

Waheshimiwa wenyeviti, ndugu watendaji,

YAH: MABINTI WANAOONDOKA VIJIJINI KWENDA KAZI ZA NDANI BILA MAANDISHI

Jambo ninaloliandikia mnalijua vizuri, kwa sababu linapita mbele ya ofisi zenu kila mwaka. Mtihani wa darasa la saba ukishafanyika Septemba, na ule wa kidato cha nne Novemba, simu zinaanza kuingia kutoka Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, hata Zanzibar: nitafutie binti wa huko kwenu, awe mtulivu, asiwe na mambo mengi. Shangazi wa fulani anakuja kusalimia wazee, na siku ya kuondoka anaondoka na mtoto wa jirani. Kuna pia wale wanaofanya shughuli hii kama biashara, wanaolipwa na matajiri wa mjini kwa kila kichwa. Wa Kidabaga, Idete na Boma la Ng'ombe wanateremkia Iringa mjini kupanda basi, wa Ilula wanapandia palepale barabarani. Basi linashuka Kitonga, linapita Ruaha Mbuyuni, na hapo binti ametoka katika wilaya yetu. Hakuna palipoandikwa amekwenda kwa nani, kufanya kazi gani, kwa mshahara gani.

Mbao zetu hazisafiri hivyo. Lori la mbao kutoka Kilolo linatakiwa kuwa na kibali kinachoonyesha mzigo ni wa nani, umetoka wapi na unakwenda wapi, na lisipokuwa nacho linakwama kizuizini. Tumekubali kwamba ubao una thamani ya kutosha kuandikiwa karatasi. Naomba mtoto wa Kilolo naye aandikiwe.

Ombi langu kwenu ni moja. Binti yeyote anayeondoka kijijini kwenda kazi ya ndani asiondoke kabla makubaliano yake hayajaandikwa katika ofisi ya kijiji, mbele ya mwajiri au mtu aliyetumwa naye, mbele ya mzazi au mlezi, na mbele ya binti mwenyewe, na karatasi hiyo igongwe muhuri. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Mashauri ya wafanyakazi wa ndani yananifikia yakiwa yameharibika, na karibu yote yameharibikia mahali pamoja: mwanzoni, siku ya kuondoka, huku nyumbani kwetu.

Kwanza niliondoe lile ninaloambiwa mara nyingi, kwamba sheria za kazi ni za viwandani na maofisini, na kwamba dada wa kazi ni mtu wa kusaidia tu nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inawahusu wafanyakazi wote wa Tanzania Bara isipokuwa walioko katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Dada wa kazi hayumo katika orodha ya walioachwa. Anahusika nayo sawasawa na karani wa benki. Anayevuka bahari kwenda Unguja au Pemba anaingia chini ya sheria ya Zanzibar, Na. 11 ya 2005, na hiyo peke yake ni sababu ya kutaka kujua anakwenda wapi hasa.

Kwa nini basi nakuja kwenu, nisiende kwa waajiri wa Dar es Salaam? Kwa sababu ya kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ambacho natamani kila mtendaji akijue kama anavyojua namba ya simu yake. Kinasema mfanyakazi anapoachishwa kazi mahali ambako siko alikochukuliwa, mwajiri ana wajibu wa kumrudisha yeye na mizigo yake mpaka alikochukuliwa, au kugharamia usafiri huo, au kumpa posho ya safari isiyopungua nauli ya basi mpaka kituo kilicho karibu na mahali hapo. Na kama baada ya kumwachisha anamweka siku kadhaa kabla ya kumsafirisha, ampe fedha ya kujikimu kwa siku hizo. Kifungu hichohicho kinaeleza kwamba kuchukuliwa kunahesabika hata kama aliyekuja kumtafuta ni wakala wa mwajiri. Kwa hiyo yule dalali aliyekaa kibarazani kwenu akinywa chai amemfunga tajiri wake kwa sheria, ajue asijue.

Lakini ili binti arudishwe alikochukuliwa, lazima ijulikane kwamba alichukuliwa huko. Mwajiri akisema, "Huyu nilimkuta Mbezi akitafuta kazi," nauli ya Kilolo imekwisha kuwa ubishi. Sheria, katika kifungu cha 15, imeliona hilo. Inamtaka mwajiri, mfanyakazi anapoanza kazi, ampe maelezo ya maandishi yenye jina lake, umri, jinsia na anwani ya kudumu, mahali alikochukuliwa, kazi atakayofanya, siku ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, mahali pa kazi, saa za kazi, na mshahara pamoja na namna unavyokokotolewa. Mahali alikochukuliwa pametajwa waziwazi, na hakuna ofisi duniani inayoweza kuthibitisha vizuri zaidi kwamba binti alichukuliwa Ukwega kuliko ofisi ya kijiji cha Ukwega.

Hapa kuna swali ninaloulizwa kuliko yote: kama hakuna mkataba wa maandishi, binti ana haki gani? Anazo zote. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Tena sheria inasema, shauri likifika mbele ya chombo cha kisheria na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au maelezo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye mwajiri. Binti akisema tulikubaliana 80,000 na mwajiri akasema 40,000, mwenye kazi ya kuleta ushahidi ni yule aliyepaswa kuandika na hakuandika. Ni ulinzi mkubwa. Ila tuseme ukweli: ulinzi huo unamfaa aliyefika mbele ya mwamuzi. Wetu wengi hawafiki.

Niwape mfano wa binti mmoja ambaye jina na kijiji chake nitavihifadhi. Alifanya kazi mwaka mmoja na miezi saba. Mshahara wake ulikuwa "unatunzwa", neno ambalo nyote mmelisikia: nitakutunzia, nitakupa siku ya kuondoka ununue vitu vyako. Alikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, ambayo kila mwezi ulipokwisha aliichorea mstari. Alipovunja kioo cha kabati aliambiwa fedha yake imeishia kwenye kioo. Siku ya kufukuzwa alishushwa kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, akiwa na begi na nauli pungufu. Kondakta alimteremsha Ruaha Mbuyuni, nauli ilipoishia, na kina mama wauza vitunguu wakamchangia iliyobaki. Mwajiri wake hakuwa amelipa hata nauli kamili, jambo ambalo sheria inamdai bila masharti.

Tulikaa naye tukapiga hesabu ya alichostahili, na naieleza hapa kwa sababu ndiyo hesabu ya mabinti wengi. Mishahara yote iliyotunzwa, kwanza. Kisha notisi: anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza wa kazi, hupewa notisi ya siku 28 au malipo badala yake. Likizo ya mwaka, ambayo ni siku 28 zenye malipo katika kila mzunguko wa miezi 12. Kiinua mgongo cha kisheria, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka mmoja uliokamilika, kikomo miaka 10. Nauli mpaka nyumbani. Cheti cha utumishi, ambacho hakuna anayekumbuka kukidai na kwake kingekuwa msaada wa kupata kazi nyingine. Na juu ya hayo kuna dai la kuachishwa isivyo halali, kwa kuwa aliyemaliza miezi 6 kazini hafukuzwi kwa hasira ya asubuhi: lazima iwepo sababu ya haki na ufuatwe utaratibu wa haki.

Na kioo? Mwajiri hana ruhusa ya kujikatia. Anayetaka kufidiwa hasara lazima uharibifu uwe umetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, ampe maandishi yanayoeleza kilichotokea na kiasi anachodai, ampe nafasi ya kujitetea, wakubaliane kwa maandishi, kisha asikate zaidi ya hasara yenyewe, wala makato yasizidi robo ya mshahara. Kioo kula mshahara wa mwaka na nusu hakuna sheria inayokubali.

Sasa, madai haya yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kuyapeleka huko hakuna ada. Binti anaruhusiwa kwenda na mwakilishi anayemtaka mwenyewe, awe wakili, kiongozi wa chama cha wafanyakazi au mtu mwingine aliyemchagua. Tatizo ni siku. Dai la kuachishwa isivyo halali linatakiwa lifike ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, na madai mengine ndani ya siku 60. Zikipita, inabidi uombe kuongezewa muda na utoe sababu za maana. Halafu kuna lile linaloumiza watu wa mbali kama sisi: mgogoro husikilizwa na ofisi ya Tume ya eneo ambako tatizo limetokea, isipokuwa Tume yenyewe ielekeze vinginevyo. Binti aliyefukuzwa Tabata akipanda basi kuja kwa mama yake, amelikimbia shauri lake kwa kilomita 500. Huyu wetu alikuja kuniona zile 30 zimepita. Alikuwa nyumbani kwao muda wote huo akiona aibu, watu wakimwuliza amerudi na nini.

Kama kungekuwa na karatasi ofisini kwenu, yenye jina la mwajiri, namba yake ya simu, mtaa na nyumba anayoishi, mtendaji angempigia siku ileile. Nina hakika wengi wangelipa kwa simu hiyo moja. Mwajiri wa mjini hamwogopi binti wa miaka 19 asiye na wa kumsemea. Akijua kuna karatasi yenye saini yake na muhuri wa serikali ya kijiji, na kwamba nakala moja iko kwenye jalada na nyingine ndani ya begi la binti, anajua pia kwamba siku ya Tume hatakuwa na la kubisha.

Karatasi yenyewe isiwe ndefu. Yale yaliyotajwa na kifungu cha 15 yanatosha ukurasa mmoja wa daftari. Ningeomba pawekwe na mambo mengine ambayo najua yanaleta ugomvi: siku ya mapumziko ni ipi, mshahara utalipwa tarehe ngapi na kwa njia gani, simu ya binti itakaa mikononi mwake, na kitambulisho chake hakishikwi na mtu. Muda wa kazi uandikwe kama sheria inavyosema: si zaidi ya saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki, siku 6, na kinachozidi kilipwe mara moja na nusu. Anayelala nyumbani kwa mwajiri mapumziko yake ya kila siku yanaweza kupunguzwa kwa makubaliano kutoka saa 12 hadi saa 8, lakini saa 24 za mapumziko kila wiki ziko palepale. Kama binti hajui kusoma vizuri, asomewe na aelezwe mpaka aelewe. Hilo nalo ni agizo la sheria.

Kuhusu kiwango cha mshahara, msikubali mtu aje na bei yake mfukoni. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida, 120,000 kwa asiyelala hapo, na viwango vya juu zaidi, 200,000 na 250,000, kwa wanaofanya kazi kwa maofisa wenye stahili ya kuwa na mfanyakazi wa ndani na kwa mabalozi na wafanyabiashara wakubwa. Oktoba 2025 serikali ilitangaza amri mpya ya kupandisha viwango vya sekta binafsi kuanzia Januari 2026. Muulizeni Ofisa Kazi wa mkoa, pale Iringa, mbandike kiwango kilichopo kwenye mbao zenu za matangazo karibu na matangazo ya mbolea ya ruzuku. Hicho ni kima cha chini. Hakuna anayekatazwa kulipa zaidi.

Na mshahara ni wa binti. Nalisema hili kwa wazee wenzangu kwa heshima, lakini nalisema. Kuna baba anayepokea fedha kwenye simu yake kila mwezi kwa miaka miwili, na mtoto aliyeifanyia kazi hajaiona. Binti akitaka kuwasaidia wazazi wake, na wengi wanataka sana, awasaidie kwa mkono wake.

Suala la umri ndilo linalonifanya nishindwe kulala. Sheria inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Aliyefikisha 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru na isiyomzuia kusoma. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, inamhesabu mtu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18, na inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Sasa pimeni wenyewe: dada wa kazi anayelala kwa mwajiri anaamka saa 11 alfajiri kuwaandaa watoto wa wenzake kwenda shule, na halali mpaka mlango wa mwisho umefungwa. Kwa namna kazi hiyo inavyofanyika, haiwezi kuwa kazi ya mtoto. Nimeshika barua za utambulisho zenye muhuri wa kijiji zikisema binti ana miaka 18, na daftari la shule aliyosoma likisema 15. Barua kama hiyo inamfungulia mlango mtu ambaye, chini ya sheria ya 2008 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu, huenda anatenda jinai. Elimu bila ada mpaka kidato cha nne imekuwepo tangu 2016. Mtoto wa darasa la saba ana pa kwenda.

Kila Juni 16 mnatuita kwenye viwanja vya shule kuadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika. Tarehe hiyohiyo, mwaka 2011, ndipo Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha kule Geneva Mkataba Na. 189 kuhusu kazi za staha kwa wafanyakazi wa majumbani. Ningefurahi kama mwaka huu, baada ya ngonjera na gwaride la watoto, mtu mmoja angesimama kusoma kwa sauti umri wa kuanza kazi na namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Najua majibu mtakayonipa, kwa sababu nimeshapewa barazani. La kwanza: tukiwabana matajiri watakwenda kuchukua mabinti Mufindi au Njombe. Wanaokwenda kutafuta pasipo na maandishi ni wale wenye sababu ya kuyaogopa, na hao waende zao. Mwajiri mwema anafurahia karatasi, maana inamlinda naye: inaonyesha walikubaliana nini, na inampa pa kuuliza binti akiondoka bila kuaga. La pili ni gumu zaidi: huyu amekwenda kwa shangazi yake, utamwandikiaje ndugu mkataba? Nami najibu kwamba kama amekwenda kukaa kama mtoto wa nyumba, apelekwe shule kama watoto wa nyumba hiyo. Kama amekwenda kufua, kupika na kulea kwa ahadi ya malipo, ameajiriwa, na shangazi mwenye nia njema hatanuna kwa kutia saini.

Babu zetu kutoka Nyanda za Juu Kusini walikwenda mkonge kama manamba. Ilikuwa kazi ya mateso katika utawala usiotujali. Hata hivyo SILABU, lile shirika la kutafuta vibarua lililoundwa na wakulima wa mkonge mwaka 1944, liliandika majina ya watu liliowachukua. Mkoloni aliyekuwa akitutaka kwa nguvu za mikono tu alikuwa na orodha. Sisi wazazi na viongozi wa mabinti hawa hatuna.

Mnayo mamlaka ya kulibadilisha hili bila kusubiri mtu wa Dodoma. Wenyeviti, mlichaguliwa Novemba 27, 2024, na mkutano mkuu wa kijiji mnauitisha kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji inaweza kupendekeza sheria ndogo, mkutano mkuu ukaijadili, na Halmashauri ya Wilaya ikaidhinisha. Kabla sheria ndogo haijapita, daftari linaweza kufunguliwa hata kesho. Nawaomba tu, kwa msisitizo wote, muhuri huo usiwe na bei. Siku binti atakapotakiwa kutoa elfu tano ya muhuri, ataondoka usiku bila kuaga na tutakuwa tumerudi pale pale.

Wasaidizi wa kisheria tuliopo wilayani tuko tayari kuja kata kwa kata na mfano wa fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, pamoja na orodha ya mahali pa kukimbilia: Tume, Ofisa Kazi, CHODAWU ambacho ndicho chama kinachowaunganisha wafanyakazi wa majumbani, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kwa yale ambayo binti anashindwa hata kuyatamka. Tunachohitaji ni mwaliko wenu na kiti kimoja kwenye mkutano. Tungependa iwe kabla ya Septemba, kabla simu hazijaanza kuingia.

Nasubiri majibu yenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msaidizi wa kisheria,
Ilula, Kilolo.